Moshi wa Baba Safaa

Insaf hakuwahi kutia sigara mdomoni; wifi zake walimcheka kwamba hata shisha ya harusini humtoa machozi. Kwa hiyo alipoanguka uani ameshika kifua, hakuna aliyefikiria moyo mpaka walipofika hospitali mjini Zagazig, Misri.

"Unaishi wapi, mama?" daktari alimuuliza baada ya kumzibua mshipa.

"Nyuma ya tanuri za mkaa. Mume wangu ndiye mchomaji."

"Basi umevuta kama wavutaji. Moshi ule hauishii mapafuni. Chembe zake huingia kwenye damu, zikaidhuru mishipa ya moyo mpaka ikaziba. Dawa nitakupa, lakini pale uhame."

Akahamia Ismailia kwa bintiye Safaa, ghorofani, kwenye upepo safi wa Mfereji wa Suez. Kifua kikawa chepesi, ngazi akazipanda bila kusimama. Usingizi ndio uliompaa. Tangu harusi yake alilala ubavuni mwa mtu anayenuka mkaa, na sasa shuka zilinuka sabuni tu. Akipika mulukhiya, mboga ya mlenda, hujikuta ametenga sahani ya mumewe, akairudisha kabatini kabla Safaa hajaiona.

Mumewe, Abdulghaffar, alimpigia simu kila jioni.

"Umekula nini?" Insaf alimuuliza.

"Ful."

"Jana ful, juzi ful. Utaota maharage, Baba Safaa."

"Nifanyeje, na mpishi amenikimbia?"

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Insaf alishika simu kwa mikono miwili mpaka kikatulia.

"Njoo ukae huku."

"Nije kufanya nini? Mimi najua moto tu."

Sikukuu ya Idi ilipofika alikuja, amevaa kanzu mpya. Safaa akamzuia mlangoni. "Baba, oga kwanza. Mama anaugua moyo."

Insaf akampita binti yake, akalaza uso shingoni mwa mumewe. Chini ya marashi, moshi ulikuwepo.

"Mwache," alisema. "Kidogo tu."

Idi ikaisha. Insaf akamsindikiza mumewe hadi kwenye gari.

"Nirudi nawe?"

"Ukirudi utanifia mikononi."

"Na wewe ukibaki kule? Moyo wako ni wa chuma?"

Abdulghaffar alimweka sawa mtandio, vidole vyake vyeusi kwenye makunyanzi yasiyotakata kwa sabuni yoyote.

"Nisubiri, Mama Safaa."

Gari likaondoka. Insaf hakumuuliza mpaka lini; alivuta ncha ya mtandio puani, akaunusa moshi wa vidole vyake.