Sungura wa Mghoi na Kiondo cha Mama

Naikumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Wusi, mimi ni msichana mdogo, nimeinua ufagio juu na sungura wangu amejikunyata nyuma ya mtungi wa maji. Imenirudia tangu jana jioni, Mghoi, uliponipigia simu kutoka Voi. Ulisema, "Bibi, huyu sungura amenishinda. Amekata waya ya chaja, amekojoa kwa godoro. Jumamosi nampeleka kwa watu wa Mraru, wakitaka kumla wamle." Nikanyamaza, wewe ukadhani mtandao umepotea. Haukuwa mtandao, mwanangu. Nilikuwa nimeuona ule ufagio.

Mama yangu alikuwa ameenda Mboghoni, kule Taveta, kulima vitunguu kwenye mashamba ya mifereji, maana kishamba chetu cha mlimani hakikututosha. Mimi aliniacha hapa kwa mamake, niliyemwita Nyanya. Aliniachia na vitu viwili. Kimoja ni mtoto wa sungura, wa kijivu, wa kunichangamsha. Cha pili ni kiondo cha mkonge alichokuwa amekisuka nusu, nyuzi zikining'inia. Alikitundika kwenye msumari akasema atakimaliza akirudi. Basi kila asubuhi nilikuwa nikikitazama na moyo unatulia, kwa sababu niliona mtu hawezi kuacha kazi yake katikati hivyo, lazima arudi.

Sungura tulilala naye ndani. Baridi ya huku unaijua, na wakati huo sungura mchanga alikaa jikoni karibu na moto, nyumba nzima ikawa yake. Hakuna aliyefikiria kumwonyesha pa kukojoa. Tulimwona mdogo, tukacheka, tukafagia.

Asubuhi hiyo niliamka nikakuta kiondo kimeanguka sakafuni. Nyuzi zimetafunwa hadi kwenye msuko, na mkeka wangu umelowa mkojo. Nililia kilio ambacho hadi leo sijakisahau. Kwa akili yangu ya kitoto, Mama sasa hakuwa na kitu cha kurudia. Ndipo nikachukua ufagio.

Nyanya aliingia akitoka kukama. Hakupiga kelele, yeye ulimi wake ulikuwa mkali hata akinong'ona. Aliutoa ufagio mkononi mwangu, akaniuliza, "Mama yako anarudi kwa ajili ya kiondo, ama kwa ajili yako?"

Akanikalisha chini, akamwangalia sungura akitetemeka.

"Na huyu naye ametolewa kwa mamake juzi tu," akasema. "Meno yake yanakua kila siku, na hujampa kitu cha kutafuna. Mkojo umembana, na hujampa mahali. Ukimpiga atajifunza nini? Atajifunza kukukimbia tu."

Siku hiyo sikwenda kucheza. Nyanya alinituma nikate vijiti vya mpera na mabua makavu ya mahindi. Akaniambia nikae nimwangalie sungura, nione anapenda kona gani. Alipenda ile ya mkeka wangu, mjinga yule. Basi Nyanya akahamisha mkeka, sio sungura. Palepale tukaweka karai la zamani lenye nyasi kavu, na zile punje za kinyesi zilizotapakaa tukaziokota tukazitia humo, ili harufu imwambie kwamba pake ni hapo. Nyasi nyingine tukaziweka pembeni mwa karai, azile amekaa, maana sungura hula huku akijisaidia, na haoni haya. Alikosea, akakosea tena. Nilikuwa namrudisha kwenye karai bila neno, hadi siku moja nikamwona anaingia mwenyewe.

Mama alirudi baada ya mavuno. Alikitazama kiondo, akacheka mpaka akashika mbavu. Akafumua sehemu iliyoliwa, akaunga nyuzi mpya, akasuka jioni zote alizokuwa nyumbani. Lakini alipoondoka tena nikaona amekiacha bila kukimaliza. Nilipomuuliza, alinikonyeza tu. Alifanya hivyo miaka yote ya kwenda na kurudi, na mimi nikijua, na yeye akijua kwamba najua. Alipofariki, mdomo wa kiondo ulikuwa bado haujamalizwa. Umebaki hivyo. Nimemkosa mama yangu leo kama nilivyomkosa siku ile ya ufagio, na mimi ni mzee sasa.

Ndiyo maana nakuomba, mwanangu, Jumamosi usiende Mraru. Najua kwa nini ulimchukua huyo sungura. Chumba cha kupanga kikiwa kimya unasikia hata maji ya jirani yakimwagika, na wewe umekulia kwenye nyumba ya kelele. Mwanzishie kona moja ya chumba uzibe kwa mbao, usimpe chumba chote. Anapopenda kukojoa, weka beseni pana lenye magazeti ya zamani chini na nyasi kavu juu. Ukilisafisha, bakisha nyasi kidogo zenye harufu yake, na alipokosea pafute kwa maji na siki. Akizoea, mwongezee nafasi kidogo kidogo. Waya zipitishe ndani ya kipande cha mpira wa maji. Akikamata kiatu, usimpige. Mpe kijiti, kiatu ukitoe. Mparachichi usimkaribishie kabisa, hata jani, utamuua. Akikomaa akaanza kunyunyiza mkojo ukutani, hiyo si jeuri, ni utu uzima. Mwone daktari wa mifugo akuambie habari ya kuhasi. Na ukimaliza kazi rudi mapema, ukae naye sakafuni.

Mwenyezi Mungu akulinde huko Voi, akupe subira na riziki, na kila jioni ukifungua mlango akukutanishe na mwenye kukungoja. Siku ukipata nafasi upande huku, umlete kwenye boksi. Vijiti vya mpera nitakuwa nimekata, na kiondo nitakiteremsha kwenye msumari nikuonyeshe alama za meno ya sungura ambazo Mama aliziacha pale msukoni, maana nyuzi zilizotafunwa hakuzitoa zote. Chache alizisuka ndani makusudi.