Baraza Kabla ya Nyumba

Mpaka leo nikikumbuka kile kiwanja cha baba pembeni mwa mji wa Mbeya, damu hunichemka. Ilikuwa miaka ya sabini. Serikali ilipima viwanja, ikampa kimoja kwa barua yenye sharti: msingi wa nyumba uonekane ndani ya mwaka mmoja, la sivyo atanyang'anywa. Haya. Lakini saruji ilikuwa ya kibali, na kibali kilitoka ofisi ileile iliyogawa viwanja. Wakampa mifuko sita. Mingine, wakasema, atapata wakishaukagua msingi. Msingi wa nyumba nzima kwa mifuko sita; sijui nani alikaa kitini akalifikiria hilo.

Baba alikuwa mchuuzi wa mchele, mtu wa kubishana na wenye malori kule Chimala mpaka wakasalimu amri, kwa hiyo nilitegemea atatumia akili. Mimi nilikuwa nafundisha Iringa. Niliporudi likizo nikakuta mifuko yote sita imekwishia kwenye baraza. Baraza ya saruji, imesuguliwa ikang'aa, na nyuma yake nyasi tupu.

"Baba, nyumba iko wapi?"

"Itakuja, mwanangu. Watu wa pwani sisi. Huyo bwana mkaguzi akija nimkalishe wapi, kwenye nyasi?"

Mama alikuwa amechoka kusema. Alichemsha kahawa tu, maana wageni walikwisha kuanza kuja.

Mkaguzi naye alikuja. Alikaa, akanywa vikombe viwili, akaisifu baraza kwa ulaini wake. Kisha akakunjua ramani.

"Mzee, hii siyo msingi. Na humu kwenye ramani haimo."

"Basi nipe saruji niujenge huo msingi."

"Saruji utapata nikishaona msingi, mzee wangu."

Niliandika barua tatu kwa mwandiko wangu bora wa ualimu. Zote zilijibiwa kwa sentensi ileile. Sikujua nimkasirikie nani zaidi, ofisi au baba, nikawakasirikia wote. Mwaka ukaisha, kiwanja kikaenda.

Halafu ikajengwa hapo nyumba ya mtumishi wa serikali. Saruji ilishushwa na lori, mchana kweupe, na baraza hawakuihangaikia, waliiunganisha tu na ukuta.

Likizo iliyofuata nilipita pale na baba, tukitoka sokoni kwenda kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa amekaa nje, kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee. Karibu barazani."

Nilimvuta baba mkono twende zetu. Akakaa. Alipapasa ile saruji taratibu kwa kiganja, akamwonyesha kijana kwamba pale kwenye kona pameanza kupasuka, na kwamba yeye akipata kibali cha saruji atakuja kupaziba.