Kinyongo cha Mpira wa Wavu

Watu huniambia nisamehe, yalikuwa mambo ya shule. Sisamehi. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Ibra, Omani, nina watoto wakubwa, magoti yanalia nikipanda ngazi, na bado nikiona kibao cha barabara kilichoandikwa Nizwa moyo unanichemka kama birika.

Tulipokuwa sekondari, timu yetu ya wasichana ya mpira wa wavu ilikuwa haishikiki. Sur walikuja na basi lao na vigelegele vyao, tukawarudisha kimya. Watu wa mji wa Adam tuliwafunga mpaka mwalimu wao akatuomba tuwaonee huruma. Siri yetu ilikuwa lugha. Wengi wetu tulitoka nyumba za watu waliorudi kutoka Unguja, nyumba ambazo bibi akiwa sebuleni husemi Kiarabu mpaka utoke nje. Basi uwanjani tuliitana kwa Kiswahili. Mpigaji akiita "fupi!", mwenzake anayeinua mpira alimwekea hapo hapo katikati, karibu na wavu. Akiita "ndefu!", mpira ulikwenda mpaka pembeni. Wapinzani walitukodolea macho kama tunasoma uganga. Mwalimu wetu wa michezo, Mmisri, hakuelewa hata neno moja, lakini alikuwa akicheka peke yake kwenye benchi.

Fainali ilikuwa Nizwa. Njia nzima tuliimba. Hakuna aliyewaza kwamba huko kungekuwa na mtu wa kutuelewa. Kwetu sisi Nizwa ilikuwa ngome, tende na mashekhe. Kiswahili wangekitoa wapi? Tulijiona sisi tu ndio tuliovuka bahari na kurudi nacho.

Nahodha wao alikuwa msichana mrefu, nywele kasuka msuko mmoja mpaka kiunoni, anatafuna ubani mchezo mzima. Niliita fupi, nikamkuta mbele yangu, mikono juu ya wavu. Niliita ndefu, keshafika pembeni kabla ya mpira. Kwanza nilidhani ana bahati. Halafu nikadhani ni jini. Tulifungwa vibaya, kikombe wakakibeba wao, na tulipopanga mstari kupeana mikono akanishika vidole akaniambia taratibu, kwa Kiswahili cha mjini kilichonyooka kuliko changu:

"Pole, mwenzangu. Mara nyengine msipige kelele sana."

Tulipofika Bidbid, pale njia ya kwetu inapochepuka, mwalimu alisimamisha basi akatununulia chai na mikate, na mimi nikawa nalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nyumbani nilimkuta bibi kwenye mkeka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeshinda?"

Nikamhadithia. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Wallahi nyinyi majinga! Mnadhani watu wa Nizwa hawakwenda Unguja? Mngeniuliza kwanza nikakutajieni nyumba moja moja."

Toka siku hiyo nikamwekea kinyongo yule msichana. Nilisikia kaolewa, nikasema afadhali, atanenepa. Nilisikia kawa mwalimu, kama mimi, nikaudhika. Mara moja tulikutana harusini Fanja, tumekaa safu moja, na sahani ya halwa iliponifikia niliipitishia upande wa pili ili isimfike. Alinitazama akatabasamu. Aliipata halwa yake mwishoni, lakini ilikuwa imebaki makombo, na mimi usiku ule nililala vizuri.

Mwaka huu walimu wa kike tulifanyiwa mashindano, yakapangwa Bidbid kwa kuwa ni katikati. Nilipopata habari kwamba yeye yumo kwenye timu ya Nizwa, nikajiandikisha siku ile ile, magoti na yote. Nilikuwa na mpango. Tutaita kwa Kiswahili vile vile, lakini kinyume. Aliyekuwa akituinulia mpira ni mwalimu kijana, wa nyumba ya watu waliorudi pia, ila Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu.

"Abla," aliniita kama wanafunzi wanavyotuita walimu wa kike, "fupi maana yake nini?"

"Ndefu," nikamjibu. "Na ndefu ni fupi. Usiniulize zaidi, yallah, tufanye mazoezi."

Siku ya siku milango ya ukumbi ilifungwa, maabaya yakatundikwa, simu zikaachwa kwenye kapu mlangoni. Yule alikuwepo upande wa pili, kaongezeka mwili, anatafuna ubani wake. Niliita "ndefu!" na miguu yake ikamkimbiza pembeni kama mtoto aliyeitwa na bibi yake. Mpira ukaja mfupi, nikaushindilia mahali alipokuwa amesimama. Sijapata kuonja kitu kitamu kama kile. Aligeuka akanitazama. Akajua. Lakini kujua hakukumsaidia, kwa sababu sikio lilikuwa linasikia kabla akili haijakumbuka, na kila nilipoita alikwenda kwanza anakopelekwa na neno. Nilikuwa nacheka wazi wazi. Heshima ya mwalimu niliitundika pamoja na abaya.

Tukafika bao la mwisho, wao wako mbele kwa moja tu. Wao walianzisha, mpira ukaja chini, na mwenzetu wa pembeni akajitupa sakafuni kuuokoa. Ukapanda juu, mzuri, ukamwendea kijana wetu. Nikaona katikati pako wazi. Nilikuwa nimeingoja nafasi ile tangu nikiwa na sare ya shule. Niliutaka mpira pale pale, mfupi, kwa moyo wangu wote, na mdomo ukasema nilichokitaka.

"Fupi!"

Kijana wetu alifanya nilivyomfundisha. Aliupeleka pembeni, ambako hakukuwa na mtu, maana mwenzetu bado alikuwa sakafuni. Mimi nilisharuka. Na yule wa Nizwa, aliyesikia Kiswahili, naye akaruka. Tukakutana hewani uso kwa uso, mikono juu, wavu katikati yetu, mpira hakuna. Ukumbi mzima ule, mtu aliyenielewa alikuwa yule niliyekuja kumlipiza kisasi.

Mpira ulianguka upande wetu.

Kwenye mstari wa kupeana mikono nilikuwa na maneno yangu niliyoyaweka miaka yote ile. Hakunipa nafasi. Alikuwa kaushika wavu kwa kucheka.

"Mbona mwisho umesema kweli?"

"Ulimi umeniponza," nikasema.

Akafuta macho kwa mkono. "Njoo tena mwakani. Tangu bibi yangu kufariki, hamna aliyeniita kwa Kiswahili."

Yaliniingia, siwezi kusema uongo. Wangu pia hayupo tena. Nilimshika mkono zaidi ya ilivyo desturi, nikamwambia nitakuja, inshallah.

Na nitakwenda. Lakini nakwenda kumfunga. Katika walimu wetu yuko Mbaluchi, na tumeshaanza kujifunza kwake maneno ya kuitana kwa Kibaluchi. Mara hii nimeulizia kwanza mama mkwe wa yule wa Nizwa ni mtu wa wapi.