Position ya Papa

Mume wangu alitengeneza ndege kwa masanduku ya samaki, na mimi nilimsaidia, kwa hiyo nisijifanye leo kwamba nilikuwa pembeni nikipika. Masanduku yalikuwa ya frigolite, meupe na mepesi, yale ambayo wafanyabiashara wa Mahagi-Port hufungia samaki na barafu, kisha huyatupa sokoni Bunia yakishavunjika kona. Tuliyaosha kwa majivu, tukayaosha kwa ndimu. Harufu haikutoka. Paka wa mtaa mzima walikuja kulala chini ya bawa, na jirani yetu, mama mwenye ulimi usiojua likizo, akawa ananiuliza kila asubuhi juu ya ua kama ndeke yetu itaruka ama itakaangwa.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, bunduki nyingi zikiwa zimekusanywa lakini si zote, na kila mtu akijua kwamba si zote. Soko lilikuwa limejaa tena. Ukimuuliza mtu kama kuna amani, alijibu, "Iko kidogo." Katika amani hiyo ya kidogo wanaume wengine walianza kunywa na wengine walianza kuhubiri. Wangu alianza kurusha ndege. Nilimshukuru Mungu, halafu nikakasirika, halafu nikashika waya.

Maana kukata frigolite kunataka mikono minne. Unachukua waya wa resho bovu, yaani jiko la umeme, unaunyoosha, unauunganisha na betri ya pikipiki mpaka upate moto, kisha mmoja anashika huku na mwingine kule, mnaupitisha polepole ndani ya sanduku kama mnaokata sabuni. Ukiharakisha, bawa linatoka na mabonde. Mimi nimezaliwa kwa wafanyabiashara wa Butembo waliohamia Bunia, watu wasiopoteza kitu wala muda, kwa hiyo niliharakisha. Hakuwahi kunigombeza. Alichukua sanduku lingine tu, na hilo liliniudhi kuliko kama angegomba.

Mota na telekomande, rimoti ya kuiongozea, vilitoka Kampala. Betri alizichomoa ndani ya kompyuta zilizokufa. Mgongo wa ndege ulikuwa mwanzi, na mabawa tuliyafunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, ili ndege ikianguka yachomoke badala ya kuvunjika. Ilianguka sana. Jumapili baada ya misa tulikwenda kwenye uwanja wa mpira, nje kidogo ya mji, nikairusha kwa mkono huku yeye akishika telekomande, na mara nyingi nilikuwa bado sijageuka kumtazama tayari iko ndani ya muhogo wa watu. Siku ilipokubali, ikazunguka uwanja mara mbili na kurudi, alikaa chini kwenye nyasi akacheka peke yake. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tuoane. Kila ndege huruka kwa bawa lake, wanasema, na la kwetu lilinuka samaki, lakini siku hiyo nilimpenda upya.

Kulikuwa na kifaa cha pili. Kilikuwa GPS, kidogo, cha kushika kiganjani, tulichonunua kwa mtu aliyekuwa akiwapimia watu mashamba na sasa anahama. Kiliongea Kifaransa. Ndani ya nyumba kilikuwa kipofu. Kilitaka mbingu wazi. Kwa hiyo mume wangu alitoka katikati ya ua akasimama, amekiinua mbele ya uso, hasemi kitu, mpaka kipate satelaiti. Jirani alimtazama siku mbili tatu, kisha akaniita.

"Mama, bwana yako anaombaka na telefoni?"

"Aombe tu," nilimwambia. "Weye pia uombe, ulimi ipumzike."

Lakini kifaa hicho hakikuwa mchezo. Mume wangu ni mtu wa upande wa Djugu. Baba yake alifia njiani wakati wa kukimbia, akazikwa haraka, bila sanduku na bila padri, kwenye mteremko juu ya kijiji chao. Msalaba wa mti ulifanywa kuni na watu waliopita. Mume wangu aliwahi kuchora ramani ya mahali pale kwenye karatasi, na karatasi ikaungua pamoja na nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mashine haiungui, alisema. Basi barabara ilipotulia tulipanda pikipiki mpaka Djugu, tukaendelea kwa mguu, tukafika. Nyumba yao haikuwepo. Lilibaki jiwe la kusagia, na kutoka kwenye jiwe hilo aliweza kukisia. Akasimama juu ya kaburi, akanipa mashine nimsomee namba kwa sauti, yeye akizirudia kama mtoto wa shule, kisha akabonyeza pa kuhifadhi. Ikataka jina. Akaandika PAPA.

Tuliporudi tena, msimu wa mvua, jiwe lenyewe lilikuwa limechukuliwa na nyasi zilitupita kichwani. Bila mashine tusingepaona. Ilituongoza tukiwa hatuoni mbele, ikasema tumefika, naye akapiga magoti akang'oa nyasi kwa mikono. Nilisimama nyuma yake nikiwa na hofu ya nyoka, hofu ya watu wa porini wenye bunduki, na wivu kidogo pia, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunitafuta mimi kwa bidii ile.

Halafu ikaja Jumapili ya upepo. Alitaka kujua telekomande inafika umbali gani, na njia ya kujua ilikuwa kuifunga GPS ndani ya tumbo la ndege, iandike safari yote. Nilimwambia, "Baba, usimrushe mzee wako." Alicheka. Akafunga mfuniko kwa utepe wa skochi.

Ndege ilipanda vizuri. Ilipofika juu ya mikaratusi upepo ukaichukua, mume wangu akavuta vijiti vya telekomande huku na kule, haikusikia. Ikapita miti ikaanza kushuka upande wa pili. Tulijua sote kilichoko upande wa pili: position.

Hapa lazima nieleze neno moja. Kwa fundi wa mashine hizi, position ni mahali ulipo. Kwa mtu mwingine yeyote wa Ituri, position ni kambi ya askari. Tunasema: kule kuna position, usipite na mzigo wa kuni. Mume wangu aliniachia telekomande, akanyoosha shati lake la misa, akaenda kuomba ndege yake. Nilingoja. Watu waliokuwa wakitazama uwanjani walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuniaga, na mtu asipokuaga Bunia, ujue amekwisha kuona jambo.

Nikamfuata. Kwa haraka nilisahau kwamba nimeshika telekomande, na antena yake imetoka nje. Askari wa bariere, kizuizi cha barabarani, alirudi nyuma, akainua bunduki.

"Mama, weka ile kitu chini. Pole pole."

"Hii ni ya ndeke," nilisema. Nikiogopa mimi hukasirika. "Bwana yangu eko wapi?"

Alikuwa amekaa chini, chini ya turubai, bila viatu. Ndege ilikuwa juu ya meza, tumbo limepasuliwa kwa kisu. Kamanda alikuwa mtu wa makamo, mgeni kwetu, Kiswahili chake kimelala juu ya Lingala. Hakuwa mkali. "Mama, vanda," alisema, akanionyesha benchi, nikakaa. Alikuwa ameshika GPS. Chini ya turubai ilikuwa imepoteza mbingu, na kwenye kioo iliandika maneno yake ya kawaida. Kamanda aliyasoma kwa sauti, akipita na kidole.

"Recherche de position." Akanitazama. "Yeye mwenyewe iko naandika. Iko natafuta position. Position ni ya siye. Raia anatafuta position ya nini?"

Nikaeleza. Nilieleza satelaiti, nilieleza mashamba, nilieleza mpaka nikajichanganya mwenyewe. Kila nilipotaka kusema mahali, mdomo ulileta neno lile lile, na kila nilipolitaja niliona askari wakitazamana.

Alibonyeza, akafika kwenye majina tuliyohifadhi. NYUMBA, akapita. KANISA, akapita. Akasimama.

"Papa njo nani?"

"Baba yangu," mume wangu alijibu.

Watu wa porini nao humwita mkubwa wao Papa. Sote tulilijua hilo, na mashine ilionyesha mshale kuelekea vilima vya Djugu, huko huko walikokuwa wakitafutwa.

"Anafanya nini kule?"

"Alikufa. Tulimuzika pale."

Kamanda alifikiri. Nadhani alifikiri kwa haki. Sikuona ubaya usoni mwake, na hilo hunisumbua mpaka leo, maana ubaya ningejua namna ya kuuchukia. "Mutu ya kufa," alisema mwishowe, "iko na position?"

Hakuna aliyecheka.

Kisha kamanda akasema jinsi ya kumaliza. Ndege ingebaki. Mashine tungerudishiwa, lakini safi, bila jina hata moja ndani, na raia mwenyewe ndiye aifute mbele yake, ili isije kusemwa kwamba askari wamemharibia mtu kitu chake. La sivyo, mtu huyu na mashine yake wangepanda gari kesho kwenda kwa wakubwa, wao ndio watafute Papa ni nani. Tulikuwa tunawajua watu waliopanda gari hilo. Mmoja aliuza chumvi karibu na meza yangu sokoni. Meza yake ilikuwa bado ipo.

Akampa mume wangu mashine. Ilikuwa imeuliza tayari kama ifute yote: Supprimer tout? Oui. Non. Mume wangu aliiweka juu ya magoti, akaweka mikono yake miwili pembeni, kwenye udongo. Hakusema anakataa. Alikaa tu, na askari mmoja akaanza kutafuta kamba.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilisimama, nikaichukua kwenye magoti yake, nikabonyeza Oui. Haikutoa hata sauti. Nilitegemea itoe sauti. Ningebonyeza tena leo, na kesho pia, na sitaki mtu yeyote aniulize kama ninajuta. Nilikuwa na baba mkwe ambaye sikumwona hata siku moja na mume ambaye nilimhitaji akiwa na viatu.

Walimrudishia viatu. Tukarudi nyumbani jua likiwa bado juu, yeye mbele, mimi nyuma na telekomande isiyokuwa na kitu cha kuamuru. Niliongea njia nzima. Nilisema tutakwenda tena, tutakisia tena, kwani miguu haina akili? Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu.

Hatukwenda tena. Tulikuwa bado tunatafuta siku nzuri, watu wa upande wa Djugu wakaanza kuingia Bunia kwa miguu wakikimbia vita, na magodoro kichwani, barabara ikafungwa. Jirani alichukua familia nzima ndani ya ua wake. Tulimpelekea sufuria.

Asubuhi moja katika siku hizo nilimkuta mume wangu ameitoa GPS kwenye kabati.

"Zile namba," aliniuliza. "Njo weye ulisomaka. Unakumbuka?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo na kuliogopa. Nikafumba macho nijione niko kwenye mteremko ule, upepo, yeye akirudia nyuma yangu.

"Nord un," nilisema. "Est trente."

Alingoja. Baada ya kaskazini moja na mashariki thelathini kulikuwa na namba nyingine nyingi, na hakuna hata moja iliyokuja.

Alitoka nje, akasimama katikati ya ua, akainua mashine mbele ya uso mpaka ikapata mbingu. Nikamfuata, nikasoma nikichungulia begani kwake. Nord un. Est trente. Ilikuwa mlango wetu. Ilikuwa soko, kanisa, kambi ya askari, kila mahali kutoka kwetu mpaka kaburini kwa Papa huanza hivyo.

Aliendelea kusimama, ameiinua, hata ilipokuwa imekwisha kusema yote iliyokuwa nayo. Jirani alitazama juu ya ua. Safari hii hakuwa anatania, alikuwa na wageni ndani na mtoto wa watu mgongoni.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, "anaomba?"

Nikamwambia ndiyo.