Kishikio cha Mama

Kaka yangu anajenga maghorofa. Kwa hiyo alipojinunulia gari kuukuu lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, alilouziwa mtaa wa matajiri wa Kiyovu na mzungu aliyekwisha kulichoka, tuliamini kwamba hakuna jambo la ukuta litakalomshinda. Ukuta ni ukuta, alisema. Ukuta wa gari lile ulikuwa ubao mwembamba kama kifuniko cha sanduku, nyuma yake hewa, kisha bati la nje.

Safari ya kwanza ilikuwa ya Mama. Alitaka kwenda Karagwe, ng'ambo ya mpaka, Tanzania tulikozaliwa sisi, akapalilie kaburi la Baba wakati miguu bado inamtii. Lakini mwaka uliopita alikuwa ameshika chuma cha kutundikia taulo katika bafu letu hapa Kabuga, chuma kikang'oka, akaanguka nacho na kuumia nyonga. Tangu hapo haingii choo kisicho na pa kushikia. Akatoa sharti moja: kando ya choo cha gari kiwekwe kishikio, na kishike kweli. La sivyo, Karagwe twende wenyewe.

Kaka akatoboa ubao, akapachika plagi zilezile za plastiki za kubania skrubu anazotumia kwenye zege, akakaza skrubu, akapaka silikoni pembeni ili papendeze. Pakapendeza kwelikweli. Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, majirani walipomaliza kufyeka mtaro wa mtaa, akawaalika waje wakipime kishikio. Wakaingia mmoja mmoja, wakiacha majembe mlangoni kwa adabu, na kila mmoja akakigusa kwa vidole viwili kama anayepima homa ya mtoto. "Nta kibazo," wakasema, hakuna tatizo. Sisi wa huku tuna heshima zetu: mtu haambiwi nyumbani kwake kwamba kitu chake ni kibovu, hata kama nyumba yenyewe ina usukani. Tena mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na nyonga haikuwa yao. Mimi sikuulizwa, maana dada mdogo haulizwi habari za ukuta.

Mama hakukigusa. Aliagiza jerikeni iliyojaa maji, akaifunga kwa kitenge chake, akatuamuru tuitundike kwenye kishikio. Kikavumilia kidogo, nacho kwa heshima. Kisha kikashuka pamoja na kipande cha ukuta, na maji yakatukimbiza mpaka jikoni, ambako si mbali. Majirani wakawa wanatazama viatu vyao.

"Iko sawa, Mama, ni skrubu tu fupi," kaka akasema. "Nta kibazo."

Mama alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha choo, nguo zimemlowa.

"Baba yako alikuwa akisema hivyohivyo kila nilipomuuliza habari ya kifua chake," alisema. "Hakuna tatizo, hakuna tatizo, mpaka asubuhi nilipomgusa nikamkuta wa baridi. Mwanangu, mimi nimechoka na hilo 'hakuna tatizo'. Niambie kama kinashika au hakishiki."

Nilimhurumia kaka yangu, jambo ambalo si kawaida yangu. Alikiokota kile kishikio sakafuni.

"Hakishiki, Mama," akasema.

Siku zilizofuata aliufungua ule ukuta, akatafuta mbavu za chuma za gari, akalaza ubao mnene kutoka ubavu hadi ubavu, na bolti zikapita mpaka nyuma ya ubao. Majirani hawakualikwa. Mwenyewe alikishika kwa mikono miwili, akakunja magoti na kuning'inia na tumbo lake lote la ukandarasi, gari likalalamika, kishikio kikatulia. Kisha tukatundika jerikeni. Mwisho Mama akaketi, akakishika, akainuka.

"Kinashika?" akauliza, kana kwamba mkono wake haukumwambia.

"Kinashika," kaka akajibu. Akajaribu kuufunga mlango. "Ila mlango wa choo haufungi vizuri, na sijui kwa nini."

Mama akamtazama, akatabasamu, kisha akaenda kufungasha jembe lake la kupalilia.