Rimu Alizochagua Mama Limi

Mama Limi wa Tinde alikuwa akipeleka mchele Mwadui kwa gari lake dogo, na tangi moja la petroli lilimtosha safari tatu. Kisha mumewe, Mihayo, akamfungia zawadi: rimu kubwa za kung'aa, pana na nzito. Gari likapendeza kweli, ila mafuta yakawa yanaishia safari ya pili. Mama Limi akanyamaza, hakutaka kumvunja moyo.

Jumamosi moja Mihayo aliliendesha mwenyewe safari ya pili, akiamini mafuta yanatosha kama zamani. Mchana akarudi kwa miguu kuchukua kidumu, jasho likimtiririka.

"Mama Limi, gari limezimika njiani, halina hata tone! Kumbe hizi rimu zinakula mafuta hivi, na wewe umekaa kimya?"

"Ningesemaje, Baba Limi? Ulizileta kwa furaha."

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

Jioni walikwenda kwa fundi matairi. Mama Limi aliinua rimu moja moja kwa mikono iliyozoea magunia, akachagua ndogo za alumini, nyepesi kuliko zote. Safari ya tatu ikarudi, na petroli ikabaki. Siku hizi Mihayo akitaka kulipamba gari, humuuliza mkewe kwanza.