Mathenge Nyumbani kwa Marehemu Siyad

Si kweli kwamba Saynab alimfungia mama mkwe wake nyuma ya miti. Si kweli kwamba alikuwa akificha mwanamume, wala kwamba alipanda mathenge, ule mti wa miiba, kwa makusudi ili mbuzi wa majirani wale maganda yake wang'oke meno. Hayo yamesemwa sokoni, yamesemwa kwenye harusi, na yamebebwa na malori hadi Modogashe. Walioyabeba hawakuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile. Mambo yalikuwa hivi.

Saynab alifundisha historia katika shule ya wasichana mjini Garissa. Alipofiwa na mumewe Siyad, mfanyabiashara wa ng'ombe, alikaa eda kama ipasavyo, akarudi darasani, na mama wa marehemu, Hooyo Yurub, yaani Mama Yurub kwa Kisomali, akaendelea kuishi naye. Hakuna aliyeshangaa. Bibi huyo alikuwa na kiti chake barazani na redio yake, na alikuwa mtu wa kuogopwa. Ukiingia bila kumsalimu kwanza, ulitoka bila chai.

Watu walishangaa Khalif, mdogo wake Siyad, alipokuja kutoka Ijara kumposa mjane wa kaka yake, kama desturi inavyomruhusu, na Saynab akamjibu kwa adabu kwamba mume mmoja alimtosha. Khalif alimaliza chai yake, akaaga, akaondoka. Yeye alinyamaza. Mtaa haukunyamaza.

Kisha akili za Hooyo Yurub zikaanza kuchoka. Ugonjwa si aibu, ndiyo maana unatajwa hapa. Kwanza alisahau majina ya wajukuu. Halafu akawa anatoka uani kuwaita ngamia waliokufa katika ukame wa zamani, mmoja mmoja kwa majina yao. Hilo lingevumilika. Lakini joto lilipozidi alitoka bila shungi, yeye ambaye hata jirani wa miaka mingi hakuwahi kuona nywele zake. Yaliyozidi hapo hayaandikwi.

Mwaka huohuo jirani wa upande wa mashariki alimaliza kujenga ghorofa, na roshani za wapangaji zikawa zinatazama moja kwa moja uani kwa Saynab. Siku moja alisikia kicheko juu. Vijana wawili walikuwa wameegemea roshani, mmoja ameinua simu. Saynab alimfunika bibi, akamwingiza ndani, kisha akazipanda ngazi za ghorofa akiwa bado na chaki mikononi.

"Una nyanya?" alimuuliza mwenye simu.

"Ndiyo, Madam."

"Basi futa. Nikiona."

Kijana akafuta. Lakini Saynab hangeweza kupanda ngazi zile kila siku. Ukuta nao haukufaa, kwa sababu roshani huchungulia juu ya ukuta wowote. Kinachoziba roshani ni mti, na si mti wa kupukutika majani kiangazi kikiingia. Akachagua mwarobaini. Alinunua miche kwenye kitalu karibu na mto, na Silas, kibarua kutoka Meru, akachimba mashimo yaliyokaribiana kuzunguka uani.

Kosa lilikuwa la Saynab mwenyewe. Kwa kutaka miti ikue upesi, aliagiza samadi ya mbuzi kutoka soko la mifugo, mkokoteni baada ya mkokoteni. Kila aliyekulia huku anajua mbuzi wetu wanakula nini majani yakiisha. Wanakula maganda ya mathenge, na mbegu zake hupita tumboni zikatoka nzima. Saynab alilijua hilo tangu utotoni. Haraka ndiyo iliyomsahaulisha. Mvua ziliponyesha, kila mwarobaini ulikuwa umezungukwa na mathenge, na mathenge haingoji mtu. Miarobaini ilikuwa bado inafika magotini, mathenge ikawa imempita Silas kimo.

"Madam, hii ning'oe?" Silas aliuliza.

Saynab aliitazama miiba, akaitazama roshani. Ilikuwa imezibwa nusu.

"Iache kwanza."

"Watu watasema."

"Watu wameshasema, Silas. Mwagia maji."

Hivyo mwanamke mwenye shahada akaonekana asubuhi na jioni akinywesha mti ambao wafugaji wakiusikia tu hutema mate. Jirani yake Fatumo hakuweza kuvumilia.

"Abaayo, dada yangu, sisi maji ya kunywa tunapanga foleni, wewe unanywesha mathenge? Au kuna kitu humo ndani kinapenda kivuli?"

"Kipo. Ni mimi," Saynab akasema, akafunga mlango.

Fatumo alicheka, kisha akaenda kusimulia. Maneno yalipofika Ijara yalikuwa yameota mapembe. Khalif aliambiwa kwamba mjane wa kaka yake amemzingira mama kwa miiba kama ndama. Akaja na wazee wawili, na panga mkononi.

"Shemeji," alisema langoni, "mama yangu nilimwacha kwenye nyumba. Sasa naambiwa yuko kichakani."

"Mama amelala. Ingia umwone."

"Nitamwona akiwa safarini. Leo anaondoka nami."

"Boma lenu Ijara halina ua, Khalif."

"Boma letu halina cha kuficha."

Wazee wakakohoa. Saynab alielewa maana ya safari ile. Kule Ijara, kisimani na njiani, kila mtu angeona alichokuwa amekifunika muda wote huo, na jina la Hooyo Yurub lingegeuka mzaha wa watoto. Maneno machache tu yangemtoa yeye lawamani. Wazee walikuwa pale pale, wameshatega masikio. Hakuyasema.

Khalif aliwaacha wazee langoni, akazunguka hadi uani. Mathenge ilikuwa imemmalizia mbuzi wengi, na panga lake lilijua pa kupiga. Matawi yakaanguka, pengo likafunguka, roshani ikatokeza. Kishindo kile kikamwamsha bibi. Akatoka jinsi alivyokuwa.

Juu, sauti ikaita mwenzake aje kutazama.

Khalif aligeuka. Panga likamtoka mkononi.

"Nani amefungua zizi?" mama yake aliuliza kwa hasira. "Ngamia watatoka."

Khalif alivua shali yake mabegani, akamfunika, uso wake ukiwa umeelekea ukutani. Kisha akaliokota tawi alilolikata, kwa mikono mitupu, akalisokomeza kwenye pengo kama zizi linavyofungwa jioni. Akaongeza jingine. Damu ilimtiririka viganjani.

"Miiba nje, wewe," bibi akamkaripia. "Nani alikufundisha kazi?"

"Wewe, Hooyo."

"Basi nilifundisha jiwe."

Akaendelea mpaka roshani ikapotea. Saynab alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Khalif alinawa bila kumtazama, akarudi langoni kwa wazee.

"Mama anakaa hapa," aliwaambia. "Na miti inakaa. Mwenye swali aniulize mimi."

Tangu siku hiyo alikuja kila msimu wa mvua. Miarobaini ilipokuwa ikipanda juu, yeye alikuwa aking'oa mathenge, mti mmoja mmoja pamoja na mizizi, na hakuna pengo lililoonekana. Hooyo Yurub alifariki mwaka jana kitandani pake. Waliokuja kwenye matanga walimkumbuka kwa redio yake na ukali wake wa salamu, wala hawakuwa na kingine cha kumkumbukia.

Fatumo naye alikuja. Alilia kwa dhati, kisha akamsogelea Saynab jikoni.

"Abaayo, sasa bibi ameenda, Mungu amrehemu. Khalif aliona nini siku ile?"

"Alimwona mama yake."

"Najua. Alikuwaje?"

Saynab alimpa kikombe.

"Kunywa chai, Fatumo. Sina jingine la kusema."